Mpangaji mwenye ulemavu: mkataba wake, mlango wake na nani ashike funguo

Swali: Nimekabidhiwa usimamizi wa jengo lenye nyumba nane ndogo zilizojengwa mahususi kwa watu wenye ulemavu. Wapangaji wanne wanatumia viti vya magurudumu, mmoja haoni, wawili wana ulemavu wa akili, na nyumba moja iko wazi. Taasisi inayomiliki jengo ndiyo inayowaajiri wahudumu pia. Mikataba karibu yote imesainiwa na ndugu wa wapangaji. Yule asiyeona anadaiwa pango la miezi mitatu. Mmoja wa wenye ulemavu wa akili hupiga kelele usiku na ameshavunja mlango wake mara mbili, na wahudumu wananitaka nimpe notisi. Nianzie wapi?

Jibu: Kwanza, notisi hiyo usiitoe. Huenda siku moja ikalazimu, lakini kwa maelezo yako hakuna aliyekwisha kuuliza kwa nini mlango unavunjwa, na wanaoitaka ni watu walioajiriwa kumhudumia mpangaji. Kuamua akae wapi si kazi yao. Hapo ndipo ulipo mzizi wa karibu kila ulichokitaja: katika jengo lako nyumba na matunzo vimefungwa pamoja, na mpangaji akigombana kuhusu kimoja anapoteza vyote viwili.

Kipimo chake ni rahisi. Mpangaji akimkataa mhudumu wake leo asubuhi, usiku atalala kitandani pake kama kawaida? Jibu likiwa "inategemea", mkataba ulio nao kabatini haumlindi. Ibara ya 19 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2006, inampa mtu haki ya kuchagua pa kuishi na wa kuishi naye sawa na watu wengine. Mwaka 2017 kamati inayofuatilia mkataba huo ilifafanua kwamba ukubwa wa jengo si hoja: hata nyumba ya mtu mmoja yaweza kuwa na tabia za bweni iwapo mkaaji hana kauli juu ya nani amsaidie, wala juu ya ratiba ya siku yake.

Kutenganisha hakuhitaji kuigawa taasisi. Kunahitaji karatasi mbili: mkataba wa upangaji na makubaliano ya huduma, kila moja ikiwa na muda wake, bei yake na namna yake ya kuivunja. Pitia mikataba ya sasa ukitafuta sentensi ya aina ya "mpangaji atapokea huduma kutoka kwa taasisi" au "mkataba utakoma huduma zikikoma", uifute. Anayeamua mambo ya nyumba asiwe msimamizi wa wahudumu. Malalamiko ya bomba yasipokelewe na mtu yuleyule anayepokea malalamiko kuhusu mhudumu, kwa sababu mpangaji anayemlalamikia mhudumu huogopa bomba lisitengenezwe, na mara nyingi huwa hakukosea kuogopa.

Kuna eneo moja ambalo utengano haukamiliki, na ni heri kulisema wazi. Majengo mengi ya namna hii yana mhudumu mmoja wa usiku anayewahudumia wote, na gharama yake haiwezekani kila mpangaji kuibeba peke yake. Huduma hiyo ya pamoja inaweza kubaki imeambatana na jengo. Iandike mbali na pango, mweleze mpangaji kabla hajahamia, na umwachie uhuru wa kuchagua msaada wake wa mchana.

Sasa mikataba iliyosainiwa na ndugu. Mama akisaini kama mpangaji, basi kisheria mpangaji ni mama. Akifariki, akihama, au akikorofishana nawe, mtu mzima anayelala humo anabaki bila hati yoyote yenye jina lake. Uzazi peke yake haumpi mtu mamlaka juu ya mwanawe aliye mtu mzima. Ndugu akisema ameteuliwa na mahakama, omba uone amri yenyewe. Soma tarehe yake na mipaka yake, kwa kuwa nyingine zinahusu fedha tu na hazigusi makazi. Kama ndugu alichotaka ni kukuhakikishia pango, hati ya udhamini inatosha: yeye mdhamini, mwanawe mpangaji.

Mikataba mipya isainiwe na wapangaji wenyewe. Kwa wale wawili wenye ulemavu wa akili, andaa toleo jepesi la mkataba uleule: sentensi fupi, jambo moja kwa kila sentensi, picha pembeni, herufi za ukubwa wa pointi 14 au zaidi. Lisiwe muhtasari unaoruka mambo machungu. Kifungu cha malimbikizo na cha kuondolewa lazima viwemo. Kaeni vikao viwili. Cha kwanza ni cha kueleza, kisha mwachie karatasi kwa siku kadhaa aipitie na mtu anayemwamini. Cha pili usimuulize "umeelewa?", kwa maana karibu kila mtu hujibu ndiyo. Muulize: "Nani anaruhusiwa kuingia nyumbani kwako? Pango lisipolipwa inakuwaje? Ukitaka kuhama unafanya nini?" Akijibu kwa maneno yake mwenyewe, au kwa kuonyesha picha, amefahamu. Akikwama kwenye kifungu, tatizo huwa ni jinsi kilivyoandikwa, kwa hiyo kiandike upya. Kwa asiyeona, mpe mkataba kwa sauti, kwa nukta nundu au kwa faili ambalo programu ya simu yake inaweza kulisoma. Picha iliyopigwa ya karatasi mara nyingi haisomeki vizuri kwa programu hizo. Mpangaji kiziwi akija, ita mkalimani wa lugha ya alama ambaye si ndugu yake. Dole gumba linafaa badala ya saini pale sheria inaporuhusu, mradi shahidi asiwe mhudumu wala mwakilishi wa mwenye nyumba.

Kuhusu deni. Kabla ya kulidai, angalia lilivyofika kwake. Barua iliyopenyezwa chini ya mlango wa mtu asiyeona haijafika. Kama notisi zako zilikuwa za karatasi, chukulia kwamba hujamdai, uanze upya kwa simu au kwa njia aliyoichagua yeye, na uandike tarehe.

Kisha tafuta chanzo. Mpangaji wa nyumba hizi anayelimbikiza deni mara nyingi hali haijabadilika kwake bali kwa anayemlipia: ruzuku imesimamishwa ikisubiri kuhakikiwa upya, siku ya malipo yake inakuja wiki mbili baada ya siku yako ya pango, alilazwa hospitali, au kadi yake ya benki iko mikononi mwa mtu mwingine. La mwisho hilo liulize kwa faragha, bila ndugu wala mhudumu chumbani. Pesa ikiingia kila mwezi na pango halilipwi, na mwenyewe hajui imekwenda wapi, huenda anaibiwa, na hatua inayofuata ni ya ulinzi wake. Siku ya pango ikigongana na siku ya kipato, sogeza ya pango. Ni marekebisho yasiyokugharimu chochote, na wasimamizi wengi hawayafikirii.

Mpango wa kulipa malimbikizo utoke kwenye kinachobaki baada ya chakula, dawa na usafiri, na usafiri wa mtu mwenye ulemavu mara nyingi ni ghali kuliko unavyodhani. Akiweza kuongeza sehemu moja ya kumi ya pango kila mwezi, deni la miezi mitatu litaisha kwa miezi 30. Akiweza sehemu ya tano, kwa miezi 15. Ni muda mrefu, lakini pima dhidi ya miezi ambayo nyumba maalumu hukaa wazi mpangaji akiondoka. Wahudumu wasikusanye pango, wasitunze kadi, wasibebe taslimu. Ankara iwe na mistari mitatu iliyotengana: pango, gharama za pamoja za jengo kama lifti na taa za korido, na matunzo. Nchini Australia, kwa nyumba zinazogharimiwa na NDIS, yaani mpango wa taifa wa bima ya ulemavu, mchango wa mpangaji umewekewa ukomo wa takriban robo ya pensheni ya msingi ya ulemavu, pamoja na ruzuku yake ya pango. Kama kwenu hakuna kanuni ya aina hiyo, jiwekeeni ukomo wenu na muuandike. Andikeni pia nyumba inashikiliwa kwa muda gani mpangaji akilazwa, na nani analipa katika muda huo. Jambo hili lisipoandikwa, mtu hutoka hospitali akakuta vitu vyake vimefungwa kwenye maboksi.

Funguo. Nina hakika wahudumu wako wote wana ufunguo unaofungua milango yote minane. Ukomeshe mtindo huo. Kila mpangaji aamue nani ana nakala ya ufunguo wake. Nakala za dharura ziwe kwenye kisanduku chenye namba ya siri, na kila inapotolewa aandikwe aliyeichukua, saa na sababu. Namba ibadilishwe kila mhudumu anapoacha kazi. Kwa ukaguzi au ukarabati, toa taarifa ya saa 24 kwa uchache. Mtu ambaye asubuhi yake nzima hupita katika kuogeshwa na kuvalishwa muulize saa inayomfaa. Fundi anayegonga saa mbili asubuhi humkuta kitandani akiwa nusu uchi. Dharura uitaje kwa majina mkatabani: moto, maji yanayofurika, gesi, kilio cha kuomba msaada, au ukimya usio wa kawaida baada ya kubisha na kupiga simu. "Kumjulia hali" haimo. Nyumbani kwa asiyeona, kila kitu kirudishwe mahali kilipokuwa, hata kiti. Kwa kiziwi, weka kengele inayowasha taa. Kamera ndani ya nyumba haziwekwi kwa uamuzi wako, hata kama wahudumu wanasema zitawarahisishia usiku.

Matengenezo ndiyo yanayowaangusha wasimamizi waliotoka kwenye nyumba za kawaida, kwa kuwa wanapanga uharaka kwa kuangalia kifaa. Panga kwa kumwangalia mtu. Lifti iliyoharibika ni usumbufu kwa anayetembea, na kifungo kwa mwenye kiti cha magurudumu ghorofani. Taa ya bafuni iliyoungua yaweza kungoja kwa asiyeona, lakini kwa kiziwi anayesoma midomo au anayetumia lugha ya alama na mhudumu wake inamkatia mazungumzo. Kwa kila nyumba andika ukurasa mmoja: kifaa gani kikisimama mpangaji atashindwa kutoka, kulala, kujisaidia au kupumua, na kwa kila kimoja weka saa za kukitengeneza pamoja na mpango wa muda. Kwa lifti na mashine ya kumnyanyulia mtu kutoka kitandani, lengo liwe ndani ya muda wa saa nne. Jua mapema wapi pa kumhamishia kwa usiku mmoja, kwa kuwa chumba cha hoteli cha kawaida mara nyingi hakimwingizi bafuni.

Pima jengo lako mwenyewe kwa futi kamba, usitegemee ramani. Upana wa wazi wa mlango, yaani mlango ukiwa umefunguliwa, usipungue milimita 850. Kwa viti vikubwa vya umeme viwango vya Australia vinataka 950. Nafasi ya kugeuza kiti iwe duara la kipenyo cha milimita 1500 hivi. Mteremko wa kupandia usizidi 1 kwa 12, maana yake kimo cha sentimita 45 kinahitaji urefu wa mita 5.4. Kimo cha kizingiti kisizidi milimita 13. Mafundi wasioelezwa ndio huharibu vipimo hivi: anayebadilisha vigae huinua sakafu ya bafu kwa sentimita moja na nusu, na siku hiyohiyo mwenye kiti haingii tena. Mwingine hukaza mtambo unaoufunga mlango kwa kuwa ulikuwa "unalegea", kumbe ulilegezwa makusudi. Kiwango cha Marekani kwa milango ya ndani isiyo ya kuzuia moto ni nguvu ya kusukuma isiyozidi nyutoni 22 hivi. Mfanya usafi huifunga juu kamba ya kengele ya dharura isilowe, na aliyeanguka haifikii. Kamba hiyo ishuke hadi sentimita 10 kutoka sakafuni, na kuikagua iwe kazi ya kila wiki.

Maji ya moto yanahitaji uangalifu wa pekee. Tangini yakae nyuzi 60 au zaidi, kwa sababu chini ya hapo bakteria wa Legionella, wanaoleta nimonia kali, huweza kustawi. Lakini maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache, na mpangaji mwenye jeraha la uti wa mgongo hahisi mguu ukiungua. Ndiyo maana panafungwa valvu ya kuchanganya karibu na bomba, ikiyashusha. Kwa bafu nyumba za matunzo Uingereza huweka ukomo wa nyuzi 44. Kinachoharibu mambo ni kwamba mtu mmoja hulalamika maji ni ya uvuguvugu, fundi huizungusha valvu hadi mwisho, na hakuna anayepima tena. Nunua kipimajoto, pima kila mwezi, andika, na funga kifuniko cha valvu.

Mashine ya kunyanyulia inayoning'inia darini ni mali ya jengo, kwa hiyo ni jukumu lako. Kitambaa cha kumbebea mtu kimepimwa kwa mwili wake, ni chake. Mpaka huu uandike, la sivyo kila upande utasubiri mwenzake wakati mshono unakatika. Uingereza inataka vifaa vya kunyanyulia watu vichunguzwe na mtu mwenye ujuzi kila miezi sita, na ni kipindi kizuri cha kufuata hata pasipo sheria. Kagua pia uzito ambao dari inaweza kubeba. Viwango vya Australia kwa nyumba za watu wenye mahitaji makubwa ya kimwili vinataka dari ihimili mashine ya kunyanyua kilo 250. Viwango hivyohivyo vinadai umeme wa akiba wa angalau saa mbili chumbani. Kama una mpangaji anayepumua kwa mashine, saa mbili ni za kumpatia muda wa kuhama tu. Pigia hesabu umeme ukikatika usiku kucha.

Moto uushughulikie mtu kwa mtu. Kila mpangaji awe na karatasi yake: anasikiaje king'ora, anahamishwaje kutoka kitandani, na watu wangapi wanahitajika. Fanya zoezi usiku ukiwa na mhudumu mmoja tu, kama ilivyo kawaida. Karatasi inayosema "watu wawili wamnyanyue" haina maana saa nane za usiku.

Na sasa yule anayevunja mlango. Kwa siku 14 mwandikie daftari la matukio: saa, kilichotangulia, kilichofuata, nani alikuwa zamu, alikula nini, alilala saa ngapi. Mara nyingi mpangilio fulani hujitokeza ndani ya wiki mbili. Kelele huanza usiku wa mhudumu fulani, au pampu ya maji inapowaka nyuma ya ukuta wake, au baada ya ziara ya ndugu. Mtu asiyeweza kusema "naumwa jino" huweza kulisema kwa mlango, kwa hiyo daktari na daktari wa meno waonwe mapema. Uliza pia kama mlango hufungwa kwa nje usiku. Ukijibiwa ndiyo, umepata sababu ya mlango kuvunjika, na una jambo zito zaidi la kushughulikia na wahudumu kuliko na mpangaji.

Wakati huohuo rekebisha nyumba. Weka mlango mzito usio na uwazi ndani, bawaba nne badala ya tatu zenye skurubu ndefu zinazofika kwenye ukuta, na kioo chenye tabaka la plastiki kisichomwagika vipande. Funika kuta za upande wa jirani kwa kitu kinachomeza sauti, na ikiwezekana mpe nyumba ya mwisho wa korido, lakini kwa ridhaa yake. Gharama za mlango usizikate moja kwa moja kwenye amana. Uharibifu unaotokana na ulemavu, na ambao nyumba iliyojengwa vizuri ingeuhimili, sehemu yake kubwa ni kosa la nyumba. Majirani nao wana haki ya kulala, hivyo wape tarehe ya kila hatua; wanachokasirikia zaidi ni kutoambiwa.

Baada ya haya yote, hali ikibaki hatari kwa wengine, kumwondoa kunafuata sheria ileile ya upangaji inayomlinda mpangaji yeyote, pamoja na wajibu wa kuonyesha marekebisho uliyojaribu. Kubadilisha kitasa, kukata umeme, au kupunguza huduma ili achoke aondoke mwenyewe ni kumfukuza bila amri. Mpe siku 90 kwa uchache hata kama sheria inaruhusu chache, kwa kuwa nyumba inayomfaa haipatikani kwa mwezi mmoja, na asiondoke kabla hamjajua anakwenda wapi.

Nyumba iliyo wazi usiijaze haraka. Linganisha nyumba na mtu: yenye mashine ya darini ikipewa mtu anayetembea, anayeihitaji atakosa kwa miaka. Mwombaji aje na kiti chake, aingie bafuni, ajigeuze, afike kwenye swichi na kufunga mlango nyuma yake. Kama inawezekana alale usiku mmoja, kwa sababu kelele za pampu na mwanga wa korido havionekani mchana. Wapangaji waliopo wakutane naye na wasikilizwe kuhusu tabia za kuishi pamoja, lakini wasiwe na kura ya kumkataa kwa sababu ya aina ya ulemavu wake. Hasara ya miezi ambayo imekaa wazi ibebwe na mwenye jengo au mfadhili kama mlivyoandikiana. Isigawanywe kwa wapangaji saba waliobaki kupitia mstari wa gharama za pamoja, mahali ambapo huwa inajificha.